Simu na Kompyuta Zinagoma Kuunganishwa kwa Bluetooth? Fuata Mpangilio Huu

Malalamiko ni yale yale: simu inaiona kompyuta, namba ya kuthibitisha inatokea, mtu anakubali, halafu kimya. Anazima Bluetooth, anaiwasha, anajaribu tena, mambo ni yale yale. Mwishowe anaamini Bluetooth ya simu imekufa.

Mara nyingi haijafa. Watu hukwama kwa mambo mawili: wanafuta uoanishaji (pairing) wa zamani upande mmoja tu, na wanasubiri neno "Connected" libaki kwenye skrini mahali ambapo halina sababu ya kubaki. Hatua zifuatazo zinaanza na jambo jepesi na kuishia na gumu. Usiruke. Anayekimbilia kubadili draiva (programu inayouwezesha mfumo kutumia kifaa) wakati shida iko kwenye hatua ya tatu huishia kuvuruga kitu kilichokuwa kizima.

## Vitu vya kuandaa

- Simu na kompyuta zenye chaji ya kutosha, na hali ya kuokoa betri ikiwa imezimwa kwenye vyote viwili.
- Kipanya na kibodi vya waya, kama unavyotumia ni vya Bluetooth. Kuna hatua itakayozima Bluetooth nzima ya kompyuta, na hapo utabaki unaangalia skrini bila cha kubofyea.
- Akaunti ya msimamizi kwenye kompyuta. Bila hiyo hutagusa draiva wala huduma za mfumo.
- Intaneti kwa njia nyingine, yaani Wi-Fi au kebo.
- Kifaa cha tatu chenye Bluetooth: spika, vipokea sauti vya masikioni au simu nyingine. Hiki ndicho shahidi wako.
- Picha moja ndogo ya majaribio. Video haifai, sababu utaiona mbele.

## Kabla ya yote: unataka Bluetooth ikufanyie nini?

Kuoanisha na kuunganisha ni mambo mawili tofauti. Kuoanisha ni vifaa kutambuana na kuwekeana ufunguo wa siri, na hufanyika mara moja tu. Kuunganisha hufanyika kila palipo na kazi: kutuma faili, kusikiliza sauti, kutumia intaneti ya simu.

Kwa hiyo simu ikiandika "Connected" kwa sekunde chache kisha ikarudi "Paired", hakuna kilichoharibika. Hakuna kazi inayoendelea, ndiyo maana muunganisho umelala. Ukituma faili utaamka wenyewe. Watu wengi hupoteza saa nzima wakitibu ugonjwa huu usiokuwepo.

Jambo la pili: kila kazi ina utaratibu wake, na vifaa vyote viwili lazima viujue. iPhone haipokei wala haitumi faili za kawaida kwa Bluetooth kwenda kompyuta ya Windows. Itaoanishwa vizuri, lakini picha haitapita hata ukeshe. Kama simu yako ni iPhone na haja yako ni faili, tumia kebo, au AirDrop ikiwa kompyuta ni Mac. Ukiwa na Android, endelea.

## Hatua ya 1: Anzisha upya vifaa vyote viwili

Kwenye Windows chagua "Restart", usichague "Shut down". Tofauti si ndogo. Kompyuta nyingi za Windows 10 na 11 zina mpango wa kuwaka haraka: ukizima kwa "Shut down", sehemu ya mfumo huhifadhiwa kwenye diski na kurudishwa vile vile utakapowasha, na hitilafu zake zikiwamo. "Restart" huanza upya kabisa.

Anzisha upya na simu pia. Halafu ondoa hali ya ndege pande zote mbili, na uviweke vifaa karibu, kama mita moja, bila ukuta katikati.

Dalili ya mafanikio: alama ya Bluetooth inaonekana kwenye simu na kwenye kompyuta. Kama kwenye kompyuta haipo, hatua inayofuata ndiyo yako.

## Hatua ya 2: Hakikisha kompyuta inayo Bluetooth na iko hai

Kompyuta ya mkononi ya miaka ya karibuni karibu zote zinayo. Kompyuta ya mezani si lazima.

Kwenye Windows, bofya kitufe cha kuanzia kwa upande wa kulia wa kipanya, fungua "Device Manager", kisha tafuta kundi la "Bluetooth". Utakachokiona ni mojawapo ya haya:

Kundi lipo na halina alama yoyote. Vizuri. Nenda hatua ya 3.

Kuna mshale unaoelekea chini. Kifaa kimezimwa. Kibofye kwa kulia, chagua "Enable device".

Kuna pembetatu ya njano. Bofya mara mbili usome ujumbe. Code 10 maana yake kifaa kimeshindwa kuanza, na Code 43 maana yake kimeripoti hitilafu na Windows imekisimamisha. Jaribu kwanza dawa ya aya inayofuata, ikishindikana uende hatua ya 7.

Kundi halipo kabisa, na jana lilikuwepo. Hapa wengi hukimbilia fundi mapema mno. Chipu ya Bluetooth huweza kuganda na kubaki imeganda kwa sababu bado inapata umeme hata kompyuta ikiwa imezimwa. Zima kompyuta, chomoa chaja, na kama betri inatoka, itoe. Bonyeza kitufe cha kuwashia na ukishikilie kwa sekunde 30 hivi, uiache dakika chache, kisha rudisha umeme. Kundi likirudi, umemaliza.

Kisha angalia huduma. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `services.msc`, tafuta "Bluetooth Support Service". Iwe "Running". Kama imesimama, ianzishe.

Kwa wa Linux, fungua dirisha la amri na uandike `rfkill list`. Ukiona Bluetooth imezuiwa kwa programu, andika `rfkill unblock bluetooth`, halafu `sudo systemctl restart bluetooth`. Ikiwa imezuiwa kwa maunzi (yaani kwenye mashine yenyewe), tafuta swichi au kitufe cha kibodi kinachozima mawimbi.

Mwenye kompyuta ya mezani atazame nyuma ya mashine. Kama kadi ya Wi-Fi na Bluetooth ina matundu mawili ya antena na hakuna antena iliyofungwa, Bluetooth itaonekana hai kabisa kwenye programu lakini haitaona simu iliyo upande wa pili wa meza. Antena hizo huachwa ndani ya boksi mara nyingi kuliko unavyodhani.

## Hatua ya 3: Vifanye vionane

Simu ya Android kwa kawaida huonekana na vifaa vipya wakati tu ukurasa wa mipangilio ya Bluetooth uko wazi. Ukirudi skrini ya mwanzo au skrini ikijizima, simu inajificha. Acha ukurasa huo wazi muda wote wa kazi.

Kwenye Windows 11 kuna mtego mwingine. Mfumo umewekwa kutafuta vifaa vya kawaida kama kipanya na spika, na simu huenda isitokee kwenye orodha. Fungua "Settings", ingia "Bluetooth & devices", kisha "Devices", shuka hadi "Bluetooth devices discovery", uibadilishe kutoka "Default" kwenda "Advanced".

Hapo hapo chini fungua "More Bluetooth settings" na uweke tiki kwenye ruhusa ya vifaa vya Bluetooth kuiona kompyuta hii. Bila tiki hiyo, simu huenda isiione kompyuta hata ukizigusanisha.

Jambo dogo lenye msaada: ipe simu jina lake. Ofisini au bwenini orodha hujaa simu za aina moja zenye majina yanayofanana, na mtu huweza kuhangaika na simu ya jirani akidhani ni yake.

Dalili ya mafanikio: kila upande unaona jina la mwenzake. Kama ni upande mmoja tu unaoona, endelea, lakini anzia uoanishaji upande huo.

## Hatua ya 4: Futa uoanishaji wa zamani pande zote mbili

Ningelazimishwa kubakiza hatua moja tu katika mwongozo huu, ningebakiza hii.

Vifaa vinapooanishwa, kila kimoja huhifadhi nakala ya ufunguo wa siri. Kila mara vinapokutana tena vinaonyeshana ufunguo huo kabla ya kuzungumza. Ukiufuta kwenye simu peke yake, kompyuta bado inashika ule wa zamani. Simu inajitambulisha kama mgeni, kompyuta inaidai ufunguo wa zamani, simu haina, na muunganisho unakatwa. Wewe unaona tu "Couldn't connect" au namba ya kuthibitisha inayotokea na kupotea.

Fanya hivi, kwa mpangilio huu:

1. Kwenye simu, fungua mipangilio ya Bluetooth, gusa alama ya gia iliyo pembeni ya jina la kompyuta, kisha "Forget" au "Unpair". Kwenye iPhone gusa alama ya i, kisha "Forget This Device".
2. Zima Bluetooth ya simu. Usiiwashe kwanza, maana baadhi ya kompyuta hujaribu kuidaka palepale.
3. Kwenye Windows, nenda kwenye orodha ya vifaa, bofya nukta tatu pembeni ya jina la simu, chagua "Remove device". Kwenye Mac, elekeza kishale kwenye jina la simu na uchague kuisahau. Kwenye Linux, andika `bluetoothctl remove` ikifuatiwa na anwani ya Bluetooth ya simu.
4. Anzisha upya kompyuta.
5. Ndipo uwashe Bluetooth ya simu.

Ikigoma kufutika. Wakati mwingine Windows husema "Remove failed". Rudi "Device Manager", fungua menyu ya "View", chagua "Show hidden devices". Ndani ya kundi la Bluetooth utaona jina la simu likiwa limefifia. Libofye kwa kulia na uchague "Uninstall device". Angalia vizuri unachobofya: unataka jina la simu, usiguse jina la adapta yenyewe, yaani kifaa cha Bluetooth cha kompyuta.

Onyo kwa wenye mifumo miwili kwenye kompyuta moja. Ukiwa na Windows na Linux kwenye mashine ile ile, yote hutumia chipu moja yenye anwani moja. Simu huona kompyuta moja tu na kuhifadhi ufunguo mmoja. Ukiioanisha ukiwa Windows, ufunguo wa Linux unakufa, na kinyume chake. Hilo si hitilafu ya simu, na kufuta na kurudia hakutalimaliza. Rahisi zaidi ni kuchagua mfumo mmoja utakaotumika na simu.

Dalili ya mafanikio: hakuna jina la mwenzake upande wowote. Orodha safi.

## Hatua ya 5: Oanisha upya, taratibu

Anzia kwenye kompyuta (isipokuwa kama hatua ya 3 ilionyesha ni simu pekee inayoona): "Add device", kisha "Bluetooth", subiri jina la simu, libofye. Ukianzia simu wakati kompyuta nayo inatafuta, maombi mawili huweza kugongana na yote yakaanguka.

Namba ya kuthibitisha ya tarakimu 6 itatokea pande zote mbili. Zilinganishe. Zikifanana, kubali kwenye kompyuta na kwenye simu, bila kuchelewa, kwa kuwa ombi hujifuta baada ya muda mfupi. Kosa la kawaida hapa ni kubofya upande mmoja na kusubiri, huku mwingine nao ukikusubiri wewe.

Zikitofautiana, kataa. Huenda umebofya simu ya mtu mwingine. Na ombi la kuoanisha usilolianzisha likitokea lenyewe, likatae pia.

Simu inaweza kuuliza kama kompyuta iruhusiwe kuona majina ya mawasiliano na kumbukumbu za simu. Kwa kutuma faili ruhusa hiyo haihitajiki. Mimi huikataa.

## Hatua ya 6: Jaribu kwa kazi yenyewe

Kutoka kompyuta kwenda simu. Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika `fsquirt`, ubonyeze Enter. Dirisha dogo litakupa kutuma au kupokea. Chagua "Send files", chagua simu, chagua picha yako ndogo. Sasa tazama simu: taarifa hutokea juu ikikuomba ukubali. Usipoigusa, kompyuta itasema imeshindwa, na utailaumu bure.

Kutoka simu kwenda kompyuta. Hapa ndipo wengi hukwama. Windows haipokei faili ya Bluetooth hadi iambiwe isubiri. Fungua `fsquirt` tena, chagua "Receive files", uhakikishe dirisha linaonyesha linasubiri, *halafu* utume kutoka kwenye simu. Ukituma kabla, simu itaandika faili haikutumwa hata kama kila kitu kingine kiko sawa. Ikifika, dirisha litauliza pa kuihifadhi. Bonyeza "Finish", vinginevyo haihifadhiwi.

Kwenye Mac, fungua "System Settings", "General", "Sharing", uwashe "Bluetooth Sharing". Huja ikiwa imezimwa.

Sauti ya simu kwenye spika za kompyuta. Windows 10 toleo la 2004 na yanayofuata yanaweza kupokea sauti, lakini kuoanisha peke yake hakutoshi. Unahitaji programu ndogo ya kupokea sauti kutoka Microsoft Store, uifungue na uiunganishe na simu.

Intaneti ya simu. Washa "Bluetooth tethering" kwenye simu kwanza. Kisha, kwenye Windows 10, fungua "Devices and Printers" kwenye Control Panel, bofya simu kwa kulia, chagua "Connect using", halafu "Access point".

Kuhusu ukubwa wa faili: kasi halisi ya Bluetooth kwa kazi hii ni kama megabiti 2 kwa sekunde, na mara nyingi chini ya hapo. Picha ya megabaiti 3 inapita kwa sekunde 12 hivi. Video ya gigabaiti 1 itachukua zaidi ya saa nzima, na ikikatika inaanza mwanzo. Video ziende kwa kebo.

## Shahidi wa tatu

Bado haijafanya kazi? Usiguse draiva. Unganisha simu na kile kifaa cha tatu, kisha unganisha kompyuta nacho.

Simu ikikubali na kompyuta ikakataa, tatizo ni la kompyuta: nenda hatua ya 7. Kompyuta ikikubali na simu ikakataa, ruka hadi hatua ya 9. Vyote vikikubali, shida iko kati yao wawili, nami ningerudia hatua ya 4 kwa makini kabla ya jambo jingine lolote, kwani kwa kawaida kuna ufunguo uliobaki mahali.

## Hatua ya 7: Draiva ya kompyuta

Pakua kwanza, futa baadaye. Ingia tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta yako, tafuta modeli kamili, upakue draiva ya Bluetooth. Kama ni mashine uliyojiundia, nenda kwa mtengenezaji wa chipu: Intel, Realtek, MediaTek au Qualcomm. Epuka programu zinazojidai kusasisha draiva zote kwa mpigo mmoja.

Kisha, kwenye "Device Manager", bofya adapta ya Bluetooth kwa kulia, "Uninstall device", anzisha upya. Windows yenyewe hujaribu kurudisha draiva. Ikishindwa, sakinisha uliyopakua.

Kama tatizo lilianza mara baada ya Windows kujisasisha, fanya kinyume: fungua sifa za adapta, ukurasa wa "Driver", ubonyeze "Roll Back Driver". Kitufe kikiwa kimefifia, hakuna draiva ya zamani iliyohifadhiwa.

## Hatua ya 8: Inaungana, kisha inakatika

Bluetooth hutumia masafa ya gigahezi 2.4, ikirukaruka hadi mara 1,600 kwa sekunde kati ya chaneli 79. Wi-Fi ya kawaida iko humo humo, na tanuri la maikrowevu pia. Kwenye kompyuta nyingi za mkononi Wi-Fi na Bluetooth hukaa kwenye chipu moja. Hamisha Wi-Fi kwenda gigahezi 5 kama rauta yako inaruhusu. Mara nyingi hilo tu latosha.

Mkosaji asiyeshukiwa ni USB 3. Mwaka 2012 Intel ilichapisha maelezo yanayoonyesha kwamba vifaa na kebo za USB 3.0 hutoa kelele kwenye masafa hayo hayo. Chomoa diski ya nje, ujaribu tena. Ikiwa Bluetooth yako ni ile ya kuchomeka, isogeze mbali na tundu la USB 3 (mara nyingi lina rangi ya bluu) kwa kebo fupi ya kurefushia ya USB.

Mwili nao huyazuia mawimbi haya. Simu iliyo mfuko wa nyuma, huku umeikalia, ina haki ya kukatika.

Mwisho ni umeme. Kwenye sifa za adapta, ukurasa wa "Power Management", ondoa tiki inayoiruhusu kompyuta kuzima kifaa hiki ili kuokoa nishati. Ukurasa huo haupo kwenye kila adapta, usipouona, pita.

Dalili ya mafanikio: unatuma picha kumi mfululizo bila kukatika.

## Hatua ya 9: Weka upya mipangilio ya simu

Kwenye Android fungua "Settings", "System", "Reset options", utafute chaguo la kuweka upya Bluetooth na Wi-Fi. Maneno na mahali hutofautiana kati ya watengenezaji. Picha na programu zako hazitaguswa, ila nywila zote za Wi-Fi na vifaa vyote ulivyooanisha vitafutwa, kwa hiyo ziandike nywila kwanza. Kisha futa simu kwenye kompyuta, kama hatua ya 4 inavyosema, ndipo uoanishe.

## Ikiwa chipu ya kompyuta imekufa kweli

Adapta ya kuchomeka kwenye tundu la USB itachukua nafasi yake. Lakini Windows hutumia redio moja tu ya Bluetooth kwa wakati mmoja. Kama ile ya ndani bado inaonekana kwenye "Device Manager", ibofye kwa kulia na uchague "Disable device" kabla ya kuchomeka mpya, la sivyo zitagombana na utarudi pale pale. Simu itaichukulia adapta hiyo kuwa kompyuta nyingine kabisa: futa jina la zamani, kisha anza na hatua ya 5.